Gesi ya kujaza upya katika gari-nyumba: Mambo ya kuzingatia kabla ya fundi kushika spana

MAGARI yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo kwa Kiswahili yanaweza kuitwa magari-nyumba, yamekuwa sehemu ya kawaida ya likizo barani Ulaya kwa miongo mingi. Nchini Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi, wastaafu na familia zenye watoto huyatumia kusafiri kwa majuma kadhaa bila kulala hotelini. Karibu yote yana kitu kimoja kinachofanana: gesi ya kupikia, ambayo humo ndani hupika chakula, hupasha maji moto, hupooza jokofu na, wakati wa baridi, huwapasha joto waliolala.

Kwa muda mrefu gesi hiyo imekuwa ikitoka kwenye mitungi ya kubadilisha. Msafiri akiishiwa hurudisha mtungi mtupu kwa wakala na kupewa uliojaa, kama ifanyikavyo Dar es Salaam au Nairobi. Tatizo hujitokeza anapovuka mpaka. Mtungi wa kampuni ya Uingereza haupokelewi na wakala wa Ufaransa, na wa Ufaransa haupokelewi Hispania. Tena mtungi huo si mali ya msafiri. Amelipia haki ya kuutumia tu, na kampuni inabaki kuwa mwenyewe.

Ndiyo sababu wenye magari hayo wengi wameamua kufunga mfumo wa kujaza wenyewe. Katika mfumo huo mtungi ni mali ya mwenye gari, haushushwi, na hujazwa kwa mdomo maalumu uliowekwa ubavuni mwa gari, kwenye pampu ileile inayouza gesi ya kuendeshea magari. Kwa kawaida bei ya gesi kwa njia hiyo huwa nafuu sana ikilinganishwa na ile ya mtungi wa kubadilisha, na msafiri anaweza kuongeza lita chache tu bila kusubiri mtungi uishe kabisa.

Hata hivyo, unafuu huo unakuja na wajibu. Kazi ya kuhakikisha kwamba mtungi haukujazwa kupita kiasi, ambayo kwa mtungi wa kubadilisha hufanywa kiwandani kwa mizani, sasa inahamia kwa mtu aliyesimama kituo cha mafuta akiwa ameshika bomba. Ili kazi hiyo iwe salama, lazima vifaa vyenyewe viifanye kwa niaba yake.

Gesi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama LPG, ni propani, butani au mchanganyiko wa hizo mbili. Ndani ya mtungi hukaa kama kimiminika chini ya shinikizo, na juu ya kimiminika hicho hubaki nafasi ya mvuke. Katika nyuzi joto 20 za sentigredi, shinikizo la propani ni zaidi ya bari 7, yaani zaidi ya mara tatu ya shinikizo la gurudumu la gari dogo. Jua likipanda na mtungi ukafikia nyuzi 40, shinikizo huzidi bari 12. Mtungi mzuri hauhangaishwi na hilo, kwa kuwa umetengenezwa kuhimili shinikizo kubwa zaidi ya hapo.

Kinachoweza kuupasua ni kimiminika chenyewe. Propani hupanuka sana inapopata joto: kimiminika kilichopimwa katika nyuzi 15 huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 13 kikifika nyuzi 50, joto ambalo si ajabu ndani ya sanduku la gari lililoegeshwa juani kusini mwa Hispania mwezi Julai. Mtungi uliojazwa hadi mdomoni hauna mahali pa kuupeleka upanuzi huo. Kimiminika hakibonyezeki, hivyo shinikizo hupanda ghafla hadi vali ya usalama ifunguke na kumwaga gesi nje, au, ikiwa vali hiyo ni mbovu, hadi chuma kishindwe.

Kwa sababu hiyo mitungi ya kujaza upya hukomea asilimia 80 ya ujazo wake. Ndani mwake mna boya linaloelea juu ya kimiminika. Likifika alama hiyo hufunga njia ya kuingilia na pampu hukoma. Mtungi wa kilo 11, kwa mfano, hupokea takriban lita 21 na si zaidi. Mtungi wa kubadilisha hauna boya hilo, na hapo ndipo hatari ya ujanja wa mitaani ilipo. Huuzwa vipande vya shaba vinavyomwezesha mtu kuunganisha pampu ya kituo na mtungi wa kampuni. Anayefanya hivyo hajui amejaza kiasi gani, na mtungi hauwezi kumwambia. Zaidi ya hayo, anaujaza mtungi usio wake.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana madhara ya kujaza gesi mahali pasipostahili. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko ulitokea Embakasi jijini Nairobi katika eneo la kujazia gesi lililokuwa likiendeshwa bila kibali. Watu kadhaa walipoteza maisha na mamia walijeruhiwa. Kiasi cha gesi kilichokuwa pale hakilinganishwi na kile cha gari moja la likizo, lakini tabia ya gesi ni ileile.

Tabia hiyo inafaa kueleweka kabla ya kuchagua mahali pa kuweka mtungi. Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na wa butani kwa karibu mara mbili. Ukivuja haupandi ukatokea dirishani. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji na kujikusanya kwenye kona ya chini, chini ya kitanda au ndani ya kabati. Unahitaji kuwa asilimia 2 tu ya hewa ili ushike moto.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kilo moja ya propani ikigeuka mvuke huwa zaidi ya nusu mita ya ujazo. Chumba cha gari lenye urefu wa mita sita, upana wa mita mbili na kimo cha mita mbili kina mita za ujazo 24. Kilo moja iliyovuja humo, hata ikisambaa sawasawa, inatosha kukifanya chumba kizima kuwa tayari kulipuka. Na kwa kuwa haisambai sawasawa bali hulala chini, kiasi kidogo zaidi ya hapo kinatosha, pamoja na cheche moja ya swichi ya jokofu.

Kwa hiyo mtungi haukai chumbani. Huwekwa ndani ya sanduku lake, lenye mlango unaofunguka nje ya gari, na kuta zilizozibwa kabisa upande wa chumba. Tundu lolote la waya au bomba linaloelekea ndani huzibwa kwa mpira au gundi maalumu. Sakafu ya sanduku hilo hutobolewa matundu yanayotokea chini ya gari. Kiwango cha Ulaya kinachohusu gesi katika magari ya aina hii, EN 1949, kinataka matundu ya chini yawe na eneo lisilopungua asilimia 2 ya sakafu ya sanduku, na kwa vyovyote yasiwe chini ya sentimita 100 za mraba. Yasielekee kwenye bomba la moshi la injini, wala yasizibwe kwa zulia, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwani sanduku la gesi huwa mahali pazuri pa kuhifadhia viatu vya tope, kamba na mipira ya watoto.

Humo ndani mtungi husimama wima. Boya la asilimia 80 hupima sawasawa mtungi ukiwa wima tu, na mvuke hutoka juu kwa kuwa kimiminika kiko chini. Mtungi uliolazwa hupeleka kimiminika kwenye jiko, na moto wake huwa mkubwa usiozuilika. Mikanda ya kuufunga nayo si pambo. Mtungi wa chuma wa kilo 11 ukijaa huwa na uzito wa zaidi ya kilo 20. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mtungi huo huendelea na safari. Mkanda mmoja wa plastiki hauwezi kuuzuia.

Wapo wanaopendelea tangi linaloning'inia chini ya gari badala ya mitungi, kwa kuwa huokoa nafasi na hubeba gesi nyingi zaidi. Hapa kuna kosa linaloweza kumponza fundi mzoefu wa magari ya gesi. Tangi la kuendeshea injini hutoa kimiminika, kwa sababu injini ina kifaa chake cha kukigeuza kuwa mvuke. Tangi la jiko lazima litoe mvuke. Kwa nje yanafanana sana, na yote mawili huweza kuwa na kibali cha kanuni namba 67 ya Umoja wa Mataifa, inayotaka pia vali ya usalama inayofunguka katika bari 27. Anayenunua tangi lililokwishatumika na kulifunga bila kuuliza linatoa nini anaweza kujikuta amepeleka kimiminika hadi jikoni.

Kutoka kwenye mtungi gesi hupita katika regulata, kifaa kinachoshusha shinikizo hadi milibari 30, ambacho ndicho kiwango cha vyombo vya magari mapya ya Ulaya. Magari ya Uingereza ya kabla ya mwaka 2003 hivi yalitumia milibari 28 kwa butani na 37 kwa propani, kila gesi na regulata yake, hivyo mwenye gari kuukuu hana budi kusoma kibandiko kilichoko nyuma ya jiko kabla ya kununua regulata mpya.

Mahali pa kuifunga regulata pana umuhimu ambao haukufahamika vizuri hapo zamani. Katika miaka ya 2000, wenye magari-nyumba na karavani nchini Uingereza walilalamika kwamba regulata mpya zilikuwa zikiziba baada ya muda mfupi. Ndani yake mlikutwa mafuta mazito. Sehemu kubwa ya lawama ilielekezwa kwenye mipira ya shinikizo kubwa: gesi inapopita ndani ya mpira huchukua kemikali zinazoulainisha, kisha huziacha ndani ya regulata. Tangu hapo inashauriwa regulata ifungwe juu ya usawa wa vali ya mtungi na bomba literemke kuelekea mtungini bila kupinda, ili chochote kilicho majimaji kirudi kilikotoka. Mafundi wengi pia hutumia mabomba yanayopindika ya chuma kisichoshika kutu badala ya mpira. Regulata na mipira yote hubadilishwa kila baada ya miaka 10 hata kama vinaonekana vizima.

Mahali ambapo mitungi ni miwili, kiunganishi cha katikati huwekewa vali zinazoruhusu gesi kwenda upande mmoja tu, vinginevyo uliojaa utajimwaga ndani ya mtupu. Mdomo wa kujazia nao una vali ya namna hiyo, na mtungini iko nyingine. Bomba la pampu linapochomolewa, pumzi ndogo ya gesi inayosikika ni ile iliyobaki kati ya pampu na mdomo. Ikiendelea kutoka baada ya sekunde moja au mbili, vali imekwama.

Baada ya regulata, mabomba ya shaba huisambaza gesi kwenye vyombo. Kwa kuwa gari hutikisika saa zote za safari, bomba hushikiliwa kwa vibanio kila baada ya nusu mita, na linapopita kwenye bamba la chuma huvishwa mpira ili lisisuguliwe hadi likatoboka. Maungio huwa machache kadiri inavyowezekana, na yasifichwe mahali ambapo spana haiwezi kufika. Kila chombo huwa na koki yake, ili jokofu likiharibika njiani familia isikose chai.

Kazi ikishakamilika huja jaribio la uvujaji, ambalo ndilo linalotofautisha fundi na mbabaishaji. Mabomba ya shinikizo dogo hujazwa hewa hadi milibari 150, yaani mara tano ya shinikizo la kawaida, kisha huachwa dakika chache joto la hewa na la bomba lilingane, na geji hutazamwa kwa dakika 5. Ikishuka, kuna mahali panapovuja, na kila ungio hupakwa povu mpaka papatikane. Upande wa shinikizo kubwa, kati ya mtungi na regulata, hukaguliwa kwa povu gesi ikiwa imefunguliwa. Povu linalofaa ni lile la dawa maalumu ya kutafutia uvujaji. Baadhi ya sabuni za vyombo huwa na chumvi inayokula metali. Kiberiti hakitumiki kamwe, ingawa kuna wazee wa kazi watakaoapa kwamba wamekitumia miaka 30.

Pua nayo isitegemewe peke yake. Gesi hutiwa kemikali yenye harufu kali ili ivujapo itambulike, lakini harufu hiyo haimwamshi kila aliyelala, na mtu akikaa nayo muda mrefu huizoea asiisikie tena. King'ora cha gesi hufungwa karibu na sakafu.

King'ora hicho hakitoshi, kwa sababu hakitambui hatari ya pili, ambayo ni kaboni monoksaidi. Hii haitoki mtungini. Huzaliwa jiko au hita inapowaka bila hewa ya kutosha, haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, hivyo huenea chumba kizima badala ya kushuka. Huua watu usingizini. Inahitaji king'ora chake chenyewe, cha aina iliyoidhinishwa kwa magari ya makazi chini ya kiwango cha EN 50291-2, pamoja na matundu ya hewa ya chumbani ambayo hayafungwi hata usiku wa theluji. Jiko la kupikia halitumiki kupashia joto chumba. Wanaohisi baridi na kuziba matundu kwa magazeti hujitengenezea mtego.

Suala la nani anaruhusiwa kuifanya kazi hii hutofautiana. Nchini Uingereza, gari linalokodishwa kwa biashara lazima lihudumiwe na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, iliyochukua nafasi ya CORGI Aprili 1, 2009, tena mwenye sifa ya kushughulikia LPG katika magari. Cheti cha gesi ya majumbani pekee hakitoshi. Kwa gari la binafsi sheria hiyo haimbani mmiliki kwa kiwango hicho, lakini kampuni ya bima inaweza kudai cheti. Ujerumani mfumo wa gesi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili kwa utaratibu uitwao G 607, na matokeo huandikwa katika kijitabu cha gari.

Barabarani kuna mengine. Inashauriwa mitungi ifungwe gari linapotembea. Anayetaka hita iwake akiwa safarini hutakiwa na kanuni namba 122 ya Umoja wa Mataifa kuwa na kifaa kinachoikata gesi chenyewe bomba likivunjika, na wengi hutumia regulata yenye kihisi kinachofunga gesi gari likigongwa. Katika kituo cha mafuta kila moto huzimwa kabla ya kufika kwenye pampu, ukiwemo ule mdogo wa jokofu ambao ni rahisi kuusahau. Milango ya pampu hutofautiana pia: Uingereza na Uholanzi wana aina moja, Ujerumani nyingine, Ufaransa na Italia nyingine, na Hispania yake, hivyo msafiri hubeba viunganishi vinne. Treni ya kupita chini ya mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa haipokei magari yanayoendeshwa kwa LPG, ila huruhusu gesi ya kupikia kwa kiwango kilichowekwa, mitungi ikiwa imefungwa.

Aina ya gesi yenyewe hubadilika kadiri msafiri anavyokwenda. Inayouzwa kwenye pampu za Uingereza karibu yote ni propani, inayoendelea kutoa mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kusini mwa Ulaya huchanganywa na butani, ambayo huacha kutoa mvuke karibu na nyuzi sifuri. Aliyejaza Italia akapanda milimani Januari anaweza kuamka na mtungi mzito usiotoa moto.

Wachache huvuka hadi Afrika na kuteremka kupitia Kenya na Tanzania. Huku, vituo vinavyouza LPG kwa pampu ni haba, na mitungi ya kubadilisha ina vichwa vya aina nyingine, hivyo wenye busara hubeba regulata ya ziada ya kununuliwa hapa hapa. Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Vituo vya gesi ya magari vinavyoonekana Dar es Salaam, ambako teksi na bajaji hupanga foleni, haviuzi LPG. Vinauza gesi asilia iliyoshindiliwa hadi karibu bari 200, mara nyingi zaidi ya kile ambacho mtungi wa jiko umetengenezwa kuhimili. Midomo ya pampu hizo haiingiliani na ya LPG, na kiunganishi cha kulazimisha ziingiliane hakipaswi kutengenezwa na fundi yeyote, hata mteja akilipa mara mbili.